Kupandisha gari la 4x4 nyumbani hapa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza maswali haya ni watu wa kazi: wanaochukua samaki kwenye mialo ya Magu na Sengerema, wenye mashamba Misungwi, na wachache wanaopeleka wageni Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Gari kwao ni mkate wa kila siku, na mara nyingi wanataka kulipandisha wenyewe uani, na jirani wa kushika tochi. Inawezekana. Nimeandika hapa ninavyowajibu.

Kupandisha gari kunanisaidia nini hasa?

Unaweka springi na shokapu ndefu kuliko za kiwandani, chasisi na bodi vinakaa juu zaidi. Pua ya gari haigoti mapema unapoingia kwenye ulalo wa kivuko cha Rugezi na Kisorya, au unapotoka kwenye korongo. Tumbo halikwaruzi ule mgongo unaobaki katikati ya njia iliyochimbwa na malori. Na tairi linapata nafasi ya kupanda na kushuka bila kula bodi.

Kuna jambo moja watu hulikosea. Kwenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, kama ya nyuma ya Hilux, Prado au Land Cruiser 79, difu (lile boga la gia lililo kwenye ekseli) halipandi hata milimita moja. Ekseli imekaa juu ya tairi, na tairi halijabadilika. Jiwe lililokuwa linagonga difu jana litaligonga na kesho. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa tu, tena kwa nusu ya tofauti: ukitoka tairi la inchi 31 kwenda la 33, difu linapanda inchi moja. Kama shida yako ni difu kugonga mawe ya vilimani Isamilo au Bugando, anza na tairi kabla ya springi.

Nipandishe kiasi gani?

Inchi mbili, yaani milimita 50. Kwa kazi ya nyumbani usivuke hapo.

Hadi milimita 50 vitu vingine vya gari huwa bado vinafika: mipira ya breki, propela (fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), draivushafti (fimbo fupi zinazozungusha magurudumu), waya za ABS. Ukivuka, kila kimoja kinaanza kudai chake. Mipira ya breki inavutika, propela inatetemeka kwa sababu pembe yake imekuwa kali, vifuko vya mpira vya draivushafti vinapasuka na kumwaga grisi, na ekseli ya mbele inahama pembeni. Utajikuta umeingia kwenye kukata na kuchomelea, na kuchomelea sehemu za stelingi au za kushikilia ekseli si kazi ya uani. Tena gari linapokuwa juu zaidi, ndivyo linavyopinduka kwa wepesi zaidi. Ukiwa na magunia ya dagaa juu ya keria, hilo si jambo la kupuuza.

Springi ziko za aina nyingi. Nichague ipi?

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na inaharibika dukani kabla hata hujashika spana. Watu wananunua urefu. Kinachotakiwa kununuliwa ni uzito.

Springi hutengenezwa kwa ajili ya mzigo wa kudumu, yaani ule ambao gari linautembeza siku zote: bampa la chuma, winchi, betri ya pili, tangi la ziada, keria, boksi la barafu. Kuna za gari tupu, kuna za kilo 200 za kudumu, kuna za kilo 300 na kuendelea. Ukichukua ya kilo 300 ukaifunga kwenye gari linalotembea tupu, haitabonyea. Nyuma itakaa juu kama mbuzi anayepanda jabali, gari litakurusha kwenye kila rasta, na tairi litakuwa linaruka barabara wakati linatakiwa kuishika. Nilifanya kosa hilo kwenye Hilux yangu mwenyewe. Niliambiwa ngumu ndiyo imara, nikaamini. Nilikaa nazo miezi minne, kila kukicha mgongo unauma, kisha nikanunua nyingine. Pesa iliondoka mara mbili.

Njia rahisi ya kujua mzigo wako ni mifuko ya saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50. Toa kila kitu ndani ya gari, egesha mahali tambarare, kisha pima kwa futi ya chuma kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Pima magurudumu yote manne, andika. Rudisha vyote unavyotembea navyo siku zote, pima tena. Sasa viondoe na upakie mifuko ya saruji mmoja mmoja, ukiiweka mahali ilipokuwa mizigo yako, mpaka vipimo vilingane na vile vya pili. Hesabu mifuko. Minne ni kilo 200, na hiyo ndiyo namba ya kumwambia muuza spea. Samaki unaowapakia mara moja kwa wiki wasiingie kwenye hesabu ya kudumu. Hao ni mzigo wa kuja na kuondoka.

Tunza karatasi ile ya vipimo vya gari tupu. Utaihitaji tena.

Naweza kubadilisha springi peke yake, shokapu zikabaki za zamani?

Hapana. Shokapu ya kiwandani ni fupi kwa springi mpya. Tairi likining'inia kwenye shimo, shokapu inafika mwisho kabla ya springi na kuanza kuvuta kama kamba. Utasikia "ko!" kila ukivuka tuta, na haitachukua muda kuvuja mafuta.

Na wale wanaoongeza vipande vya chuma au plastiki juu ya springi?

Kwa mbele ya Prado, Hilux na Surf zenye miguu inayojitegemea, yaani kila tairi linapanda na kushuka peke yake, kipande kinachowekwa juu ya shokapu kinakubalika kikiwa chembamba. Elewa hesabu yake: kwa kuwa shokapu imeshika katikati ya mkono (kile chuma kinachounganisha tairi na chasisi), si mwishoni kwenye tairi, kipande cha milimita 25 kinapandisha gari karibu milimita 50. Nimeona mtu ameweka cha milimita 50 akidhani amepandisha inchi mbili. Draivushafti zake zilikuwa zimelala pembe ambayo hata kwa macho unaona haifai.

Kwenye springi za bapa, zile za vyuma vilivyolala kimoja juu ya kingine, watu huweka kitofali cha chuma kati ya ekseli na springi. Nyuma, kimoja tu, cha kiwandani, chenye pini inayoingia kwenye tundu. Usiweke viwili kimoja juu ya kingine. Mbele usiweke kabisa: ukikanyaga breki ekseli inataka kujizungusha, kitofali kikichomoka huna stelingi tena.

Kurefusha sheko, kile kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi, kunapandisha nusu tu ya urefu ulioongeza. Sheko ikiongezwa milimita 50, gari linapanda 25. Mbele, kunaharibu pia pembe ya stelingi.

Gari langu ni RAV4 au Harrier. Nalo linafaa?

Kidogo. Hayo hayana chasisi ya pekee. Vipande vya kama milimita 25 na tairi nzuri vinatosha kukufikisha Kisesa wakati wa masika. Usitafute zaidi.

Niwe na vifaa gani?

Jeki la mafuta la tani 3 lenye magurudumu, stendi za chuma nne (mbili ni chache mno), soketi kuanzia 14 hadi 24, bomba la kurefushia mpini, nyundo nzito, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na spana ya toki, ile inayolia "ka!" nguvu ikitimia. Spana ya toki unaweza kuazima kwa fundi kwa siku moja. Nunua yubolti mpya (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) kama springi ni za bapa. Za zamani zimeshavutika na hazirudiwi kufungwa.

Mafuta ya kulegeza kutu pulizia usiku wa kuamkia kazi, na asubuhi tena. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini magari mengi tunayonunua yametoka Japani, na kule sehemu za baridi hunyunyiza chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Hilo gari linaweza kuwa linang'aa juu, chini bolti zimeshikana na bushi (vile viungo vya mpira na chuma zinamopita bolti) kama zimechomelewa. Ukikuta bolti imeganda ndani ya bushi, usiipige mpaka upinde mkono. Kata kwa grenda, weka bolti mpya ya daraja lilelile la ugumu.

Uani kwangu ni udongo na kuna mteremko. Naweza kufanyia hapo?

Mteremko, hapana. Tafuta mahali tambarare hata kama ni kwa jirani. Udongo, ndiyo, kwa masharti.

Mwaka juzi nilikuwa nyuma ya nyumba na kijana wangu, tunatoa springi za nyuma. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi jua likakausha juu, ardhi ikaonekana ngumu. Stendi tatu niliziwekea mbao, ya nne nikaiweka hivihivi kwa sababu mbao ziliisha. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni nikauona mguu wa stendi ile unazama taratibu, kama mwiko kwenye ugali. Gari liliinama, likateleza, likatua juu ya tairi la akiba nililokuwa nimelilaza chini ya chasisi. Kijana alikuwa ametoka chini dakika hiyohiyo kufuata spana ya 19.

Tangu siku hiyo siwezi kulizungumza jambo hili kwa upole. Kila stendi iwe na ubao mnene, upana wa viganja viwili au zaidi. Stendi zishike chasisi, si bampa, si ngazi ya pembeni. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Laza tairi chini ya chasisi siku zote. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa bega kwa nguvu zako zote. Kama litaanguka, lianguke ukiwa nje. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati.

Na mawe ya Mwanza ni ya kuzuia tairi tu. Usiegemeze gari juu ya jiwe. Jabali letu ni la mviringo na linateleza chini ya chuma. Tofali la saruji nalo linapasuka bila kutoa taarifa.

Springi za koili kwenye ekseli nzima zinatolewaje?

Hii ndiyo kazi rafiki zaidi kwa anayeanza: nyuma ya Prado, mbele na nyuma ya Jimny, mbele ya Land Cruiser 79 za tangu 1999.

Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini. Pandisha, weka stendi kwenye chasisi, toa magurudumu. Jeki libaki limeishika ekseli kwa chini. Fungua stebilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili, kisha bolti za chini za shokapu. Achia kile kibano kinachoshika mpira wa breki na waya za ABS. Sasa shusha jeki polepole, mtu mmoja akiwa na kazi moja tu: kuangalia mpira wa breki. Ukianza kukaza, simama. Mara nyingi springi ya zamani itatoka kwa mkono, kwa sababu ekseli imening'inia na springi haina tena wa kuibana.

Kabla ya kuweka mpya soma alama zake. Kwenye seti nyingi ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu. Upande wa dereva huwa na ile ndefu kidogo. Kisha geuza springi mpaka ncha ya waya wake ikae kabisa kwenye mfereji wake. Ikikaa nje ya mfereji, gari litalala upande na springi itapiga kelele mpaka uifungue tena.

Pandisha ekseli kwa jeki, weka shokapu mpya, rudisha stebilaiza. Bolti zote zenye bushi za mpira zikaze kwa mkono tu kwa sasa. Rudisha magurudumu, shusha gari, litikise kwa kulisukuma na kulivuta, kisha zikaze gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Sababu ni hii: mpira wa bushi umeshikana na chuma. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejisokota siku zote, na baada ya miezi michache umechanika. Wengi hurudi kulaumu spea, kumbe zilikazwa hewani.

Na mbele ya Prado au Hilux, ambapo springi imevaa shokapu?

Toa mguu mzima ukiwa umeunganika: nati tatu za juu, bolti ya chini, stebilaiza, na boljointi ya juu ili mkono ushuke. Prado 150 yenye mfumo wa KDSS, yaani stebilaiza zinazoongozwa kwa mafuta, fungua kwanza vali zake mbili kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Hapo simama. Ile nati moja ya katikati, juu ya shokapu, usiiguse. Springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na nati hiyo ndiyo inayoizuia isiruke. Beba mguu mzima kama ulivyo, na springi mpya, upeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubania springi iliyofungwa sakafuni. Hata mimi napeleka. Vile vibano vya ndoano mbili vinavyouzwa bei rahisi huteleza, na springi ikikutoka haikupi nafasi ya pili.

Baada ya kupandisha, gari linayumba barabarani. Kwa nini?

Kwenye ekseli nzima ya mbele, mara nyingi ni kasta, yaani ile pembe inayofanya stelingi irudi katikati. Ekseli imejizungusha kidogo kwa kuwa mikono yake sasa imeinama, na stelingi hairudi katikati yenyewe. Kuna bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati zinazorudisha pembe hiyo; ziagize pamoja na springi. Kama gari lote linaonekana limekaa kando, chunguza ile fimbo inayozuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Urefu wake haujabadilika lakini ekseli imeshuka, kwa hiyo inaivuta pembeni. Ipo fimbo ya kurekebishika.

Kwenye miguu inayojitegemea, peleka alaimenti siku hiyohiyo. Usiseme wiki ijayo, tairi mpya zinaliwa upande mmoja kwa haraka.

Breki nazo zinahusika vipi?

Zaidi ya mpira kuvutika, kuna kitu kidogo ambacho karibu kila mtu hukisahau. Hilux nyingi na Prado za zamani zina vali juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo nyembamba iliyounganika na ekseli. Mzigo ukiongezeka, chasisi inashuka, fimbo inasukuma vali, breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Ukipandisha gari, vali inadhani umeshusha mzigo wote, inazinyima breki za nyuma.

Hilo nililijua kwa mguu. Nilikuwa nimemaliza gari, najaribu, nikakanyaga breki karibu na Mkuyuni. Pua ikazama, tairi za mbele zikalia, nyuma kama hakuna breki kabisa. Nilikagua mafuta, nikakagua viatu, mpaka nikaona fimbo ile imenyooka kuelekea chini. Dawa yake ni kushusha kishikio cha vali kwenye chasisi kwa kiasi kilekile ulichopandisha gari. Pima pembe ya fimbo kabla ya kuanza kazi, piga picha kwa simu, uirudishe ilivyokuwa.

Sasa naweza kuingia majini?

Springi ndefu hazizuii maji. Gari likitoka njiani difu limepata moto, ukaliingiza ziwani kushusha mtumbwi, hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Ukiwa tayari chini ya gari, refusha kile kibomba cha kupumulia cha difu, ukipandishe mpaka usawa wa taa za nyuma. Ni mpira wa bei ndogo na vibano viwili. Ukiwa umeshazama, fungua nati ya difu uangalie mafuta. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamwage kwenye ndoo, si kwenye mtaro unaoshuka ziwani.

Nimeongeza na tairi. Kuna la kuangalia?

Spidi. Kutoka inchi 31 kwenda 33, saa ikisoma 80 wewe unakwenda karibu 85. Pia geuza usukani mpaka mwisho pande zote, mbele na kinyumenyume, uone kama tairi linagusa bodi au mkono.

Bima na taa?

Iambie kampuni ya bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, kabla ya ajali, si baada. Taa za mbele zishushe jioni hiyohiyo mbele ya ukuta, usimpofushe anayekuja kwenye barabara ya Shinyanga.

Nirudie kukaza lini?

Nati za magurudumu baada ya kilomita 50. Yubolti, mikono, shokapu na stebilaiza baada ya kilomita 500, zote kwa spana ya toki na kwa namba zilizo kwenye kitabu cha gari. Ukipita njia ya udongo wa mbuga wakati wa mvua, osha chini kwanza. Tope lile likikauka linaficha nati iliyolegea.

Siku hiyo egesha pale tambarare ulipoanzia, gari likiwa tupu, pima tena kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, magurudumu yote manne. Springi mpya hukaa chini milimita chache zikizoea. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi ileile, pembeni mwa vile vya kwanza. Upande mmoja ukishuka kuliko mwenzake mwakani, karatasi hiyo itakuonyesha.